Swali la Jumamosi

"Mama Mokeira," wakili wa kampuni akauliza kwa upole, "marehemu mumeo alikuwa Msabato kamili, sivyo?"

"Kamili."

"Na kila Jumamosi alizima simu, akaacha kutusambazia chakula, akaenda kanisani. Basi alikuwa bosi wake mwenyewe. Hakuwa mfanyakazi wetu, na fidia haipo. Au ninakosea?"

Mokeira alishika ubao wa kizimba, uliolainishwa na viganja vya mashahidi wengine. Nyuma yake walikaa wazee wa kanisa. Walimzika mumewe kwa heshima, wakiamini ajali iliyomuua Jumamosi ile ilimkuta akimkimbiza mgonjwa hospitali. Yeye ndiye aliyewaambia hivyo.

Akisema "hukosei", jina la marehemu litabaki safi, na watoto watabaki mikono mitupu.

"Unakosea, mwanangu," alisema. "Mlimwandikia kwenye simu kwamba akikosa Jumamosi nyingine mtamfungia kazi. Akaniomba nimwombee, akavaa koti lenu, akawasha pikipiki."

Hakimu akainua kichwa. "Alikuwa amebeba nini, mama?"

Mokeira akageuka, akawatazama wazee usoni.

"Chipsi, mheshimiwa. Chipsi za mteja."