Binti Nguchiro na Kitabu Kizima

Mama Nguchiro alikuwa na haraka na kila kitu, hata na akili ya mwanawe. Alipomkuta Mwalimu Konokono bado anafundisha "ma, me, mi", alimhamishia bintiye kwa Mwalimu Kasuku, ambaye darasa lake lilisoma kitabu kizima kwa sauti moja.

Haikupita wiki akawaita majirani. Binti akashika kitabu, akasoma mfululizo bila kukwama. Vigelegele vikapigwa.

"Shoga," akanong'ona jirani yake Pimbi, "mbona kakishika kitabu juu chini?"

Mama akakigeuza haraka. Binti hata hakujua; alikuwa amefumba macho, anaendelea.

Kesho yake Mama Nguchiro akarudi kwa Konokono, shingo upande.

"Mwalimu, naomba umpokee. Mmefika wapi?"

"Palepale, mama. Kaa usikilize."

Konokono akaandika juu ya jani kwa ute wake, pole pole. Binti akaweka kidole.

"Ma," akasoma. Akasogeza kidole, akasita. "Ma... ma."

Kisha akainua uso, macho yamemtoka. "Mama, ni wewe."

Mama Nguchiro, asiyejua kukaa kitako, akamwomba asome tena, bila haraka.