Mkanda wa Siku Tano

"Alhamisi, saa nne asubuhi, ulikuwa unafanya nini?"

Ngassa alimtazama daktari, kisha akaitazama karatasi iliyolala mezani kati yao. Mistari yake ilipanda na kushuka vizuri, halafu mahali fulani ikanyooka tu, bila kilima hata kimoja.

"Nilikuwa chini, duarani, kwenye shimo la dhahabu," alisema.

Dokta Violeth aliandika. Alikuwa binti wa juzijuzi tu, lakini mpole, na hakuwa na haraka ya kumtisha mtu. Alieleza kwamba hapo mstari uliponyooka moyo ulisimama sekunde nne, kisha ukaondoka mbio bila mpangilio. Haikuwa mara moja. Kompyuta ilikuwa imepitia mapigo yote ya siku tano, na jibu lake lilipigiwa mstari mwekundu: hatari kubwa. Mtu mwenye moyo wa namna hiyo anaweza kuanguka wakati wowote akiwa kazini, na asiinuke tena.

Ngassa aliijua habari hiyo bila kompyuta. Kaka yake Donatus, wa baba mmoja mama mmoja, alianguka mwaka juzi kwenye mdomo wa duara huku akicheka, na mpaka leo ukoo mzima unamtafuta aliyemloga. Ndiyo maana iliposikika kwamba mjini Kahama kuna kipimo kipya cha moyo, Mbuke mkewe hakumwacha apumue mpaka alipokubali kuja.

Kipimo chenyewe kilikuwa mkanda wa kifuani wenye kidude cha ukubwa wa kiberiti. Nesi Paskazia alimfunga, akampa sharti moja, akalirudia mara tatu mbele ya mkewe, kwa jinsi anavyowajua wachimbaji: mkanda usikose ngozi. Ukikosa ngozi utalia, hesabu zitaharibika, na itabidi waanze upya.

"Mkanda ulikaa siku zote tano?" daktari aliuliza.

"Haukukosa ngozi hata dakika moja."

"Basi hapa kuna jambo. Usiku hakuna kasoro yoyote. Shida yote ni mchana, tangu saa moja asubuhi mpaka jua linapozama. Nadhani ni hiyo kazi. Huko chini mnashuka vipi?"

Ngassa alieleza. Kamba, mita sitini. Kaptula na tochi ya kichwani, basi, maana Bartholomeo mwenye duara hana mzaha na masharti ya mganga wake, na hata pete ya ndoa huachwa juu. Alifika hapo akageuza macho kwenye kalenda ya ukutani, akiitafuta Alhamisi.

Ngassa alijua kwamba alipaswa kuogopa. Aliutafuta woga, hakuuona. Mikono yake ilikuwa palepale juu ya meza, lakini ilikuwa ya mtu mwingine. Daktari alisema rufaa, akasema Dar es Salaam, akasema kifaa cha kupandikizwa chini ya ngozi ili kiuzindue moyo ukisimama. Maneno yalimpita yote. Mwishowe daktari alimsogezea glasi ya maji, kwa kuwa wengi huipokea hivyo habari kama hiyo, akamwambia atoke nje apumue kidogo, kisha arudi pamoja na mkewe.

Mbuke alikuwa kwenye benchi, mfuko wa unga walioununua asubuhi uko kati ya miguu yake. Alimsoma usoni.

"Wamesemaje, Baba Nelly?"

"Moyo una hatari."

Hakulia. Mbuke ni mtoto wa Kishapu, amekulia kwenye ukame, na ana namna yake ya kuyapokea mabaya: huyapangia kazi papo hapo. Duarani Ngassa harudi, alisema, na ile kamba ataikata yeye mwenyewe kwa panga. Nguvu anazo, Mungu ashukuriwe. Badala ya kiroba kimoja cha mawe kutoka duarani mpaka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, atabeba viwili kila safari, na Nelly hatatoka shule.

Ngassa alimsikiliza huku akiuangalia mshipa wa shingo yake, jinsi ulivyokuwa ukicheza kila aliposema. Kifua chake mwenyewe bado kilikuwa kikavu, bila woga. Alitamani hata aibu imshike, haikuja.

"Twende," Mbuke alisema, akainama kuunyanyua mfuko. Ulikuwa wa kilo ishirini na tano.

"Tua."

"Usianze. Mgonjwa ni wewe."

"Tua, Mama Nelly." Alimshika mkono. "Alhamisi, saa nne asubuhi. Ulikuwa wapi?"

Mbuke alifikiri. Alikuwa njiani na kiroba kichwani, alisema, kizunguzungu kikamshika, akakaa chini mpaka dunia ikatulia. Ni jua tu. Hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa habari za jua.

Ngassa aliubeba mfuko yeye, akamgeuza mkewe taratibu kuelekea mlango wa daktari. Kila asubuhi kwa siku zile tano, kabla hajashika kamba kushuka, alikuwa ameuvua ule mkanda na kumfunga Mbuke kifuani, usije ukakosa ngozi.