Kutia Ufunguo

Kazi ya Mbwego kwenye mnada wa saa ilikuwa kuinua mkono. Dalali akishika tai yake, Mbwego hupandisha bei. Saa ikimwangukia yeye, humrudishia mwenye mnada kwa mlango wa nyuma, ikanadiwe tena mwezi ujao kwa kuanzia bei ile mpya.

Siku hiyo ilinadiwa saa ya dhahabu. Mjane mmoja aliipandishia bei taratibu, sauti ikizidi kumkauka. Dalali akashika tai. Mbwego akainua mkono, na yule mama akanyamaza.

Nyundo ikagonga.

Mjane alimfuata hadi kwenye korido. Mbwego akajiandaa kutukanwa.

“Ilikuwa ya mume wangu, kaka,” alisema. “Heri imempata mtu aliyeitaka kuliko mimi. Itie ufunguo kila alfajiri. Marehemu hakukosa hata siku moja.”

Akaiomba, akaitia ufunguo mwenyewe polepole, akamrudishia kwa mikono miwili.

Kwenye mlango wa nyuma mwenye mnada alikuwa ameshanyoosha kiganja.

“Lete basi.”

Mbwego alisimama. Ndani ya ngumi yake, saa ilikuwa ikitembea.