Shingo ya Hemed

Aliya aliupiga mkono wa shemeji yake kabla haujafika shingoni mwa mumewe.

"Ukimgusa, Hamud, nitapiga kelele wodi nzima isikie."

"Nilikuwa nafukuza nzi, shemeji."

"Nzi mwache. Nzi hamvunji mtu."

Hemed alilala chali, kola ngumu imembana kidevuni, macho kwenye dari. Mikono ilimtii, miguu ilimtii, na daktari alisema hiyo ni bahati ya ajabu. Mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika. Dawa yake kwa sasa ilikuwa kutulia tu, mpaka apelekwe Kisumu kupasuliwa. "Asigeuze kichwa," daktari alionya, "hata akiitwa na mama yake mzazi."

Wodi ile ya Migori ilijaa shingo, jamani. Kulikuwa na Monari aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi, na jamaa wa Kisegi aliyejirusha ziwani kwa mbwembwe akakuta maji ya magotini. Hemed yeye, muuza vitambaa wa Awendo, alikuwa amepanda nyuma ya bodaboda lori la miwa lilipowapita. Muwa mmoja uliochomoza ukamdaka, akaruka mpaka mtaroni. Watu wema wakambeba mzobemzobe, huyu mikono, yule miguu, kichwa kinaning'inia. Alifikaje hai, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa Hamud naye alikuja na lake. Kwenye benchi la nje alikuwa amemketisha mzee Bogonko, muunga mifupa anayesifiwa mpaka Rangwe.

"Atamvuta kidogo tu, mfupa urudi," Hamud alinong'ona. "Hiyo Kisumu utaingoja mpaka lini?"

"Mpaka nife mimi kwanza. Toka!"

Hamud akatoka akiguna.

Aliya alikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Tangu ajali, Hemed hakuswali. Mtu ambaye angewaacha wateja wamesimama dukani akaswali kwanza, sasa akisikia adhana alifumba macho na kukunja uso. "Mungu amenitupa," alisema siku moja. Aliya alikwenda kulilia chooni. Akifa na hasira hizo, je?

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa sokoni. Hemed akafumbua macho.

"Mama Hibo, nataka kuswali."

Moyo wa Aliya ukaruka kwa furaha. "Swali, Baba Hibo! Mgonjwa huswali kwa macho tu."

"Na damu hii?"

Kola ilikuwa na damu iliyokauka, ya siku ile ile ya ajali. Kweli, utaswalije na najisi imekuzunguka shingo? Aliya alitazama huku na huku. Sista Gesare, muuguzi wa zamu, hakuwepo. Ametulia siku zote hizi, aliwaza, atashindwa dakika chache? Akaifungua kola polepole, pumzi ameibana, akaitoa. Kichwa hakikusogea hata kidogo. Hemed akagusa ukuta wa kando ya kitanda kwa viganja, akajipaka usoni na mikononi badala ya udhu wa maji.

Aliya akasimama mlangoni kulinda. Hakukosea, maana Hamud alikuwa anakuja na mzee.

"Hapiti mtu hapa!"

"Pole, mama," Bogonko akasema. "Mimi naunga miguu na mikono. Shingo siigusi, hata unipe ng'ombe. Nimekuja kumwambia huyu mbele yako, maana peke yake hasikii."

Hamud akatazama viatu vyake. Aliya alicheka na kulia kwa pamoja. Hofu iliyokuwa imemkaba tangu asubuhi ikamwachia. Alhamdulillahi, hakuna tena wa kuigusa ile shingo.

Akageuka kumtazama mumewe. Kope zilishuka kwa rukuu, zikashuka zaidi kwa sijda, midomo ikicheza taratibu. Ule uso wa uchungu ulikuwa umeondoka. Uso wa Hemed aliyemwoa ulikuwa umerudi, na Aliya akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Kisha swala ikafika mwisho, na Hemed, kama alivyofanya tangu utotoni, akageuza uso kulia kutoa salamu ya kwanza.

Ya kushoto hakuitoa.