Mkwaruzo wa Namba 27

"Mtu asiguse hiyo simu!"

Dada yake Fundi akarudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. "Jamani, nilitaka tu kujua saa ngapi."

"Nyumba ya fundi saa, unatafuta saa kwenye simu?"

Simu ilikuwa imesimama mezani, imeegemea kopo la gundi, iko kwenye chaji siku ya nane sasa. Kwenye kioo kulikuwa na picha moja tu: gari jekundu la mashindano, namba 27, limejaa matope mpaka masikioni. Mbele yake Fundi, lenzi ya kazi kaibana jichoni, anatazama picha, anatazama kigari anachokiunda, anarudi kwenye picha. Kigari chenyewe kinaenea kiganjani.

Na usidhani ni mchezo. Hapo ilikuwa inatafutwa ndoa.

Baba wa mchumba wake, Mzee Gia, alikuwa dereva wa mbio za magari enzi hizo, na hajawahi kumruhusu mtu asahau. Fundi alipokwenda kuposa, mzee hakuuliza kazi wala ukoo. Alisema hivi: "Nitengenezee Namba Ishirini na Saba yangu. Ndogo, lakini na kila alama iliyokuwa nayo siku ya mwisho. Ukikosea moja, binti hana haraka, chakula kipo."

Gari lenyewe lilishauzwa chuma chakavu. Picha ilibaki moja, kwenye albamu ya shangazi wa mchumba anayeishi mbali. Shangazi akaipiga picha kwa simu, akamtumia mchumba, mchumba akamtumia Fundi.

Siku picha ilipoingia, Fundi aliruka kwa furaha, goti likapiga meza, simu chini, paa! Akaiokota, akaifuta kwenye shati, akaibonyeza. Inawaka! Mungu si Athumani.

Toka hapo hakuigusa tena. Picha ukiikuza inageuka ukungu, na vidole vyake vilikuwa rangi tupu. Lenzi ilimtosha. Haya ni macho yenye sifa mtaa mzima. Mteja hajakaa hata kwenye kiti, Fundi keshamwambia, "Mama, kioo cha saa yako kina ufa, hapo karibu na tisa."

Bodi alikata kwenye bati la kopo. Matairi, soli ya ndala. Taa za mbele, vioo vya saa za kike. Waipa, mishale ya dakika. Matope alikoroga gundi na vumbi la uani, akayarusha kwa mswaki mkuukuu mpaka dada yake akauliza huo mswaki ni wa nani. Bampa alilipinda, akalinyoosha, akalipinda tena, maana kwenye picha limepinda kama mdomo wa mtu aliyenyimwa.

Kisha mkwaruzo.

Ulikuwa mwembamba kama unywele. Unaanzia taa ya kushoto, unapanda boneti, unakatiza kioo cha mbele, unaishia juu ya mlango. Aliuchora kwa ncha ya sindano, pumzi kaibana. Mara ya kwanza mkono ukateleza. Akapaka boneti yote upya, akaanza tena.

"Kaka," dada yake akasema, "mkwaruzo gani huo unapita hadi juu ya waipa?"

"Mbio hizo, wewe. Labda tawi."

"Tawi lilikuwa na rula?"

"Nenda kapike!"

Jumapili, Fundi akakiweka kigari mezani sebuleni kwa Mzee Gia. Mchumba wake akakaa pembeni, anatafuna kucha. Mama mkwe hata chai hakumimina, anasubiri.

Mzee akavaa miwani. Akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Bampa, sawa. Taa iliyokosa skrubu... umeiona! Kizuia matope kilichochanika. Sawa. Matope, sawa." Mara kidole kikasimama juu ya boneti. "Na hii nini?"

"Mkwaruzo, mzee."

"Gari langu halikuwa na mkwaruzo."

 Mchumba wake akafumba macho.

Macho ya Fundi ndiyo mtaji wake, angeyakana vipi? "Heshima yako mzee naitunza, ila mkwaruzo ulikuwepo." Akatoa simu, akaishika mbele ya miwani. "Tazama mwenyewe. Usiguse tu, tafadhali."

Mzee akainama. Akatazama picha. Akatazama kigari. Akatazama picha tena. Polepole akavua miwani.

"Mteremko wa mwisho," akanong'ona. "Ile kona! Nilipita kwenye uzio wa waya, nikasikia krrrr, nikasema liwalo na liwe! Nilikuwa nimesahau kabisa!"

"Miaka thelathini nakaa na wewe," mama mkwe akasema, "hiyo kona leo ndiyo naisikia."

"Hukuniuliza!" Mzee akafuta machozi, akamvuta Fundi kifuani. "Huyu kaona hata nilichosahau mimi mwenye gari. Nitamnyimaje binti? Mchukue, mwanangu. Mama, chai! Na wewe Fundi, mtumie shangazi picha ya kigari, umwambie harusi ipo!"

Shangwe zikalipuka. Mchumba wake anacheka, analia, hajui aanze na lipi. Mzee keshaanza kusimulia ile kona upya, na safari hii uzio wa waya umekuwa uzio mara mbili.

Fundi akaketi na simu yake. Vidole safi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akaisukuma picha pembeni ili afungue kamera.

Gari likaenda kushoto. Mkwaruzo ukabaki palepale.