Moja na Moja

Fundi cherehani aligonga bomba mara mbili, akatulia, akagonga tena mara tatu. Kisha akabandika sikio kwenye chuma na kubana pumzi.

Ko, ko, ko, ko, ko.

"Tano," alinong'ona, machozi yakichimba njia kwenye vumbi la mashavuni. "Yu hai. Chiriku wangu yu hai."

Jengo lilikuwa limeporomoka mchana kweupe, yeye akishona kola ya shati la mteja. Sasa alikuwa amelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, zege limeikalia meza, mguu mmoja hausikii tena. Mkononi alikuwa na mkasi. Ndio aliogongea bomba la maji lililopita ukutani hadi chumba cha pili, huko alikomfungia binti yake na hesabu za shule.

"Hutoki humo mpaka umalize!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia.

Mtoto yule alizichukia hesabu kama dawa chungu. Ukimwonyesha namba, mara tumbo, mara kichwa, mara kiu. Mama alipochoka kugomba, akabuni mchezo: unagonga meza kwa kijiko, unatulia, unagonga tena, na mwenzio anagonga jumla yake. Anayekosa anawika kama jogoo. Chiriku akaanza kuzidai hesabu mwenyewe. Lakini leo nguo za wateja zilikuwa zimerundikana, na mama hakuwa na muda wa kucheza.

Akagonga nne, kisha tatu. Zikaja saba.

Alijaribu kuita, sauti ikamezwa na zege. Usingizi ulikuwa unamnyemelea, mzito, mtamu, unamwondolea hata maumivu. "Swali moja tu," alijiambia. "Akilipata, nafumba macho kidogo."

Nne, kisha tano.

Zikaja sita.

"Hapana, mwanangu. Hesabu vizuri." Akarudia. Zikaja nane. Akarudia tena. Kimya.

Hewa inamwishia, aliwaza. Inamwishia, na mlango niliufunga mimi kwa mkono wangu. Akawika kama jogoo mle gizani, kwa sauti iliyokwaruza, labda mtoto atacheka. Bomba halikusema kitu.

Akashuka hadi chini kabisa. Moja. Na moja.

Kimya kirefu. Kisha zikaja tatu.

"Tatu? Moja na moja, tatu?" Alilia kwa kwikwi. "Chiriku, usinifanyie hivi, mama. Amka!"

Akaanza upya, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Moja na moja. Moja na mbili. Kila jibu lilikuja limepinda, na kila lilipopinda yeye aligonga kwa nguvu zaidi, mkasi ukimchana kiganja, usingizi umemruka kabisa. Hakujua amegonga kwa muda gani. Alijua tu kwamba akiacha, mtoto ataondoka.

Zege likakwaruza juu yake. Mwanga ukamchoma macho, na mkono wenye glavu ukamshika bega.

"Tulia, mama. Tumekufikia," alisema mzimamoto.

"Niacheni mimi!" Alimsukuma. "Binti yangu yuko chumba cha pili! Mchimbeni yeye kwanza! Amekosa hata moja na moja, anakufa jamani!"

Mzimamoto aligeuka nyuma, akampungia mtu mkono asogee.

Ukingoni mwa shimo akainama Chiriku, gauni lake halina hata chembe ya vumbi, nyundo mkononi.

"Nilitoka dirishani nikaenda kucheza, mama," alisema huku akilia. "Nilikuwa nakujibu kwenye bomba huku nje, na zile zote nilikosa makusudi. Mjomba huyu alisema ukiridhika tu, utalala, na ukilala hutaamka."