Ombi la Ruzuku ya Upele

"Ombi la Ruzuku ya Serikali kwa Utafiti wa Kitabibu Kuhusu Muwasho wa Ngozi kwa Wakazi wa Majabalini, Awamu ya Kwanza." Hivyo ndivyo Kasuku, karani wa ruzuku, alivyouandika upele wa mtoto wa Mama Pimbi, aliyejikuna siku nne mpaka damu ikamtoka.

Nguchiro, mganga aliyekuja na mama na mtoto kuomba msaada, hakuyazoea maneno hayo.

"Bwana karani, 'mtafiti mkuu' ndiye nani?"

"Wewe, lakini kwenye karatasi tu."

"Na 'gharama zisizo za moja kwa moja'?"

"Hizo ni za kiti changu, na kivuli kilicho juu yake."

"Na 'kundi linganishi'?"

"Hao ni wagonjwa wasiopewa dawa, ili tuone tofauti."

Mama Pimbi akamkumbatia mwanawe. "Mimi ninaye huyu mmoja tu, bwana. Utamlinganisha na nani?"

Kasuku akafunua ukurasa wa thelathini. "Tuendelee. Vifaa vinavyoombwa?"

"Sufuria," alisema Nguchiro. "Majani ya dawa ninayo, ila sufuria yangu imetoboka."

"Sufuria tu?" alimaka Mama Pimbi. "Si ungesema, dada! Ninayo nyumbani, nachemshia viazi."

Kasuku akawaonya kwamba chombo hicho hakijapitishwa na kamati, lakini walikwisha kuondoka. Akaandika kwamba mradi umeahirishwa kwa kukosa mshiriki.

Kilichotokea ni kwamba mtoto alioshwa kwa maji ya majani, akalala bila kujikuna.